Vestina na Moshi wa Lupingu

Vestina, mjane wa Sila, hakuwa mwoga. Waliomjua pale Kichiwa watakuambia hivyo, tena wataapa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyelima mlima peke yake. Nguruwe mwitu aliyeingia shambani kwake alimtandika kwa mpini wa jembe, kisha akaendelea na palizi. Alizaa watoto wengi akabakiwa na mmoja, Elieza, na huyo akamlea bila kumwomba mtu chumvi. Chini ya mbingu hii aliogopa kitu kimoja tu, na kitu chenyewe hajawahi kukitia machoni: Ziwa Nyasa.

Hofu hiyo aliachiwa na mumewe. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, Sila alikamatwa upagazi, akabebeshwa masanduku ya risasi mpaka kwenye milima inayotazama ziwa. Alirudi na kovu begani na habari moja. Alisema waliketi mlimani asubuhi kupumzisha mabega, ziwa limetulia huko chini kama uji uliopoa. Mara moshi ukapanda kutoka katikati ya maji. Si moshi wa kupikia chakula cha mtu mmoja, la, ni nguzo za moshi, nyeusi, ndefu kuliko mlima, na hapakuwa na mtumbwi wala meli wala moto. Mpagazi mmoja mtu mzima akamwambia, "Hayo ni mafiga ya waliozama. Wanapika huko chini, moshi unatokea huku juu." Na mbele ya moshi ule likapita joka, mgongo wake una nundu nundu, linapasua maji kama jembe.

Sila aliisimulia habari hiyo kila masika, majirani walipokuja kuota moto kwake. Kilichowafanya watu waiamini ni kwamba haikubadilika. Mwongo huongeza. Sila mpaka anakufa hakuongeza hata nundu moja. Basi kwa Vestina, kuamini moshi wa ziwani na kumheshimu marehemu vilikuwa jambo moja. Ukigusa hili umegusa na lile.

Sasa ukaja mwaka ule ambao watoto wa shule walipewa vikombe vya bati kwa ajili ya Malkia kuvikwa taji huko Ulaya. Elieza alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwati upande wa Njombe, kazi ya kubandua magome. Wabandua magome walitoka kila pembe, na rafiki yake alikuwa kijana wa ziwani, Tarsis, mtu wa Lupingu. Likizo moja Tarsis akamwambia, "Njoo uone kwetu." Elieza akaenda. Aliporudi hakurudi peke yake kwa moyo, na baada ya mahari kupelekwa alirudi na dada yake Tarsis, Avelina.

Avelina alikuwa Mkatoliki, na hilo lilikuwa tatizo la kwanza, lakini lilikwisha. Alikubali kumfuata mumewe kanisani kwake. Vestina alimpokea kwa shingo ngumu. Mke kutoka ziwani! Hata hivyo alimwangalia anavyofanya kazi, akaona hana la kusema. Msichana alibeba mtungi kichwani bila kuushika, alifagia kabla hajaambiwa, na baridi ya Kichiwa, iliyompasua midomo, hakuilalamikia. Taabu ilikuwa lugha. Vestina alikuwa na Kibena chake na Kiswahili cha shule ya misheni ya Kidugala, alichokisoma zamani kidogo akakitumia sokoni. Avelina alikuwa na lugha ya kwao pwani ya ziwa na Kiswahili cha kuokoteza. Walikutana katikati, kila mmoja na ngeli zake.

Asubuhi moja walikaa mlangoni wakimenya njegere. Ukungu ulikuwa umeshuka kama unavyoshuka kwetu mwezi wa sita, zizi halionekani, mbuzi wanasikika tu.

"Kwenu mna njegere?" Vestina aliuliza.

"Hakuna, mama. Kwetu joto. Sisi mboga yetu samaki. Na dagaa. Na kungu."

"Na nini?"

"Kungu."

Vestina aliinua macho. Alinyoosha kidole kwenye ule weupe uliosimama uani. "Hii?"

Avelina akautazama. Kweli ulifanana, na neno ni kama lilelile. Akafurahi kwamba ameeleweka. "Kama hii, mama! Lakini yetu nyeusi. Inatoka kwenye maji. Inasimama juu ya ziwa kama moshi, ndefu! Halafu upepo unaleta huku, sisi wanawake tunakimbia na vikapu, tunakamata. Tunaponda, tunapika. Tamu sana."

Ganda la njegere lilimwanguka Vestina mkononi.

"Mnakula moshi wa ziwa," akasema polepole.

"Tunakula. Hata hapa ninayo. Ngoja nikuonyeshe."

Akaingia ndani mbio, akatoka na kifurushi cha majani makavu. Ndani mlikuwa na andazi jeusi, bapa, zito, lenye harufu ya samaki na ya tope. Mama yake alimfungia siku ya kuondoka, ili asisahau kwao.

Vestina hakuligusa. Alisimama, akaingia jikoni, akatoa chungu chake, mwiko wake na sahani yake, akavipeleka kwenye kibanda cha kuku. Toka siku hiyo alipika huko peke yake, na mkono wa Avelina haukugusa chakula chake tena.

Kwa bahati mbaya alikuwa amefika Dorika, jirani, kuomba kaa la moto. Dorika alikuwa mtu ambaye ukimwambia siri unampunguzia kazi ya kuitafuta. Jumapili ilipofika, kijiji kizima kilijua kwamba mke wa Elieza anakula moshi wa watu waliokufa maji, na kwamba ameuleta mwingine kwenye mzigo.

Elieza aliporudi mwisho wa mwezi alikuta vyungu viwili na nyuso mbili.

"Mama, ni wadudu," alisema. "Avelina amenieleza kwa utaratibu. Ni wadudu wanaoruka."

"Umewaona?"

"Nilipokwenda haukuwa msimu wake. Wanatoka mwezi unapoandama."

"Kwa hiyo hujawaona."

"Sijawaona."

"Baba yako aliona. Wadudu gani wanasimama wima kama nguzo, mwanangu? Wadudu gani warefu kuliko mlima? Useme basi kwamba baba yako alikuwa mjinga, hajui moshi na inzi."

Hilo Elieza hakutaka kulisema. Lakini lingine alilisema. "Mama, mimi sitamfukuza mke wangu kwa sababu ya maneno ya mlimani. Akirudi Lupingu, naenda naye. Nitajifunza kuvua."

Neno hilo lilimchoma Vestina kuliko moshi wote. Mtoto aliyembakia, akaishi juu ya maji yale! Hakulala vizuri. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, alilipeleka jambo lake mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, kwa sababu alikuwa mtu wa kutopenda kusemwa pembeni.

Mkubwa wa wazee hao alikuwa Mzee Enoki, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alisikiliza, akakuna kidevu.

"Jambo hili lina njia mbili," alisema. "Mkristo hali moshi wa wafu, hilo halina mjadala. Kama ndivyo ilivyo, binti arudi kwao. Lakini kama ni wadudu, hilo ni jambo la tumbo, si la kanisa. Sasa nani anajua?"

"Wewe nenda ukaangalie, mzee," Dorika alisema kutoka mlangoni. Hakualikwa, lakini alikuwepo.

"Nina mguu," Enoki akajibu.

"Mguu huo mbona kwenye kilabu cha ulanzi unafika?"

Watu wakacheka wakiwa wameinama, maana mzee wa kanisa na ulanzi ni vitu ambavyo havitakiwi kutajwa pamoja. Enoki alikohoa.

"Nitakwenda mimi," Vestina alisema, na kicheko kikakatika. "Jicho la kutumwa huona alichokitaka aliyelituma. Nitakwenda kwa macho yangu. Nikirudi na habari ya Sila, msichana anabaki kwao, na Elieza atajua mwenyewe anamfuata nani. Nikirudi na wadudu, nitakula chakula chake mbele yenu nyote."

Dorika aliondoka mlangoni mbio, asije akatanguliwa na habari hiyo.

Walikwenda watatu, Vestina, Elieza na Avelina. Vestina alijifungia unga wake, chumvi yake na kichungu chake, asije akahitaji kitu cha mtu. Walipata lori lililotoka Makambako kwenda Njombe, wakasimama juu ya magunia wameshikana. Kutoka Njombe lori la mbao likawasogeza, likawaacha, na kilichobaki kikawa cha miguu. Walipumzika Mawengi kwa Wapangwa, na kutoka huko, njia ilipopinda kwenye ukingo, Vestina aliliona ziwa kwa mara ya kwanza.

Aliliona lipo chini sana, la buluu, limekaa kimya. Hakuona moshi. Alishukuru, halafu akajishtukia anashukuru nini, maana alikuja kuutafuta.

Mteremko ule unamtaka aliyeuzoea. Magoti ya mtu wa Kichiwa hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Kadiri walivyoshuka joto lilipanda. Vestina alivua sweta, akavua kitambaa cha pili, akabaki anajipepea na jani la mgomba. Avelina ndiyo kwanza alizidisha mwendo, kama mbuzi aliyesikia sauti ya zizini.

Lupingu walipokelewa vizuri na baba yake Avelina, Kasimiri, mvuvi mwenye ndevu nyeupe na kifua kipana, na mkewe Fidelia. Vestina alitandika mkeka wake mbali na maji, akaketi amelipa ziwa mgongo.

"Mkwe," Kasimiri alisema, "mbona unalipa ziwa mgongo?"

"Sijaja kulisalimia."

"Basi. Na lenyewe halina haraka."

Aliletewa samaki wa kuchoma, akashukuru, akawapa watoto. Alipika uji wake. Wenyeji waliona, wakajifanya hawakuona. Avelina alikuwa amekwisha kuwaeleza safari hii ni ya nini, na kwamba baba na mama wasipomstahi mgeni, mtoto wao anaachika.

Siku zilizofuata walingoja mwezi uandame. Fidelia, aliyekuwa mfinyanzi, alifinyanga vyungu vyake kivulini, na Vestina, asiyeweza kukaa bila kazi, akawa anamsaidia kukanda udongo. Siku moja Fidelia alisogea karibu.

"Mkwe, nikuulize neno, usikasirike. Ni kweli huko kwenu mawingu yanaingia ndani ya nyumba?"

"Yanaingia."

"Yanakaa na watu?"

"Yanakaa. Ukifungua mlango asubuhi yanaingia kama kuku."

Fidelia alijishika kifua. "Na ni kweli kwamba watu wa huko wana moto tumboni? Tarsis ametuambia. Anasema akiongea mtu, moshi unamtoka mdomoni."

Vestina karibu acheke. "Si moto, mama. Ni baridi. Pumzi ikikutana na baridi inaonekana. Hata ng'ombe inamtoka."

"Hata ng'ombe!" Fidelia aliwageukia wafinyanzi wenzake. "Jamani, mmesikia? Mpaka ng'ombe wao wana moto!"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasogeza mtoto wake nyuma kidogo.

"Nimesema ni baridi," Vestina alisema kwa nguvu. "Baridi! Hakuna moto!" Alipuliza pumzi awaonyeshe, lakini pwani ile ilikuwa ya moto kama jiko, na hapakuonekana kitu. Alipuliza tena. Wakamtazama kwa huruma.

"Njooni muone wenyewe," alisema mwisho, amekasirika, na aliposema hivyo akayasikia maneno yake mwenyewe, akarudia kukanda udongo. Fidelia alidhani amemuudhi. Siku hiyo Vestina alipokea samaki. Alimla mzima, akabakiza mifupa.

Joka alilionea palepale pwani, jioni jua likiwa bado lipo. Alikuwa ameanza kukaa upande upande, jicho moja kwenye maji. Kikatokea kitu cheusi nje ya mawe, kirefu, nundu, nundu, nundu, kinakwenda kwa kujikunja, na maji yanapasuka mbele yake kama udongo mbele ya jembe. Ndivyo Sila alivyosema. Vestina alisimama, mkeka ukamfuata miguuni.

"Kasimiri! Lile ni nini?"

Kasimiri alikuwa anatengeneza nyavu. Alitazama mara moja, akasonya. "Wezi wangu." Akaokota kichwa cha samaki kutoka kwenye ungo, akakirusha mbali majini. Joka likakatika vipandevipande. Kila kipande kilikuwa na kichwa chenye masharubu, na vyote vikakimbilia pale kichwa kilipoangukia, vinagombana na kulia kama watoto wa mbwa.

"Fisi maji," Kasimiri alisema. "Wakitembea hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, huyu anazama, huyu anaibuka. Ukiwa mbali unaweza kuapa ni nyoka. Wananitoboa nyavu, washenzi hawa. Heri angekuwa nyoka, angekula akashiba."

Vestina alitazama mpaka walipomaliza kugombana, wakajipanga tena, wakawa joka tena, wakaenda zao.

"Na ule mwamba kule?" aliuliza. Upande wa kaskazini palikuwa na mwamba uliotoa sauti ya kuguna upepo unapopiga, naye aliisikia tangu alipofika.

"Una tundu chini. Maji yanaingia, yanasukuma hewa, unalia. Nikipita nautupia unga kidogo."

"Kama ni maji na hewa, unga wa nini?"

Kasimiri alikata uzi kwa meno. "Marehemu baba aliutupia."

Jibu hilo Vestina alilielewa kuliko yote aliyoyasikia tangu atoke nyumbani.

Moshi ulikuja asubuhi, mwezi ulipokwisha kuandama. Elieza ndiye aliyemwita. Vestina alitoka ndani akasimama mlangoni, akauona.

Ulikuwa vilevile. Ziwa limetulia kama uji uliopoa, na mbali, mahali pasipo mtumbwi wala meli, nguzo zimesimama, nyeusi chini, kijivu juu, zinapinda kidogo kileleni kama moshi unavyopinda ukipata upepo. Moja, na nyingine nyuma yake, na nyingine. Vestina alishika nguzo ya nyumba. Neno lililomjia halikuwa sala. Alisema, "Sila, hukusema uongo."

"Mama, ukae ndani?" Elieza aliuliza.

"Nimekuja kukaa ndani?"

Upepo ukageuka. Nguzo moja ikainama, ikaanza kuja. Pale kijijini hapakuwa na kilio wala mtu wa kujificha. Palikuwa na vicheko. Wanawake walitoka kila mlango na vikapu na masinia yaliyopakwa mafuta, wanasukumana kama watu wanaowahi mahali sokoni. Avelina alikuwa katikati yao, amejifunga kanga kiunoni, anapiga kelele kwa lugha ya kwao, na uso wake ulikuwa uso ambao Vestina hajawahi kuuona Kichiwa. Vestina aliachia nguzo ya nyumba. Akashuka mpaka kwenye mchanga, akasimama.

Moshi ulimfikia na mvumo, kama nyuki walio mbali. Kisha jua likapungua. Vitu laini vikampiga usoni, vikamwingia masikioni, puani, kwenye nywele. Alifumba macho. Akafumbua kinywa kusema "Bwana wangu," na neno likajaa mdomo wake likamkaba. Akatema. Akajipiga kofi shavuni, akafumba mkono, akaufungua mbele ya macho yake.

Alikuwa inzi. Inzi mdogo kama mbu, mwenye mabawa yanayopitisha mwanga na miguu ya uzi. Alijaribu kutembea kiganjani mwa Vestina, akaanguka ubavu. Vestina akamtazama mwingine kwenye mkono wake, na mwingine. Hapakuwa na moshi popote. Palikuwa na inzi tu, wengi kuliko mchanga, na kila mmoja peke yake alikuwa si kitu.

Aliketi palepale. Akaanza kusema kwa Kibena, kwa sauti ya mke anayemgombeza mume aliyechelewa kurudi. Wenyeji hawakuelewa. Elieza alielewa, akageuka pembeni mabega yanamtikisika. Baadaye alimweleza Avelina kwamba mama alikuwa anamwambia baba, "Ulishindwa nini kushuka kidogo tu? Mlima wote ule umeupanda na masanduku, ukashindwa kushuka ukaangalia? Miaka yote hii umenitisha kwa inzi!"

Mchana wanawake waliponda, wakafinyanga maandazi, wakachoma. Avelina alimletea mama mkwe wake moja kwenye jani, akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti.

Vestina alilimega, akatafuna kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu meno. "Samaki," alisema. "Na kitu kingine." Akamega tena. "Mnaweka chumvi kidogo. Leteni yangu."

Jumapili waliyorudi Kichiwa, kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Baada ya ibada hakutoka mtu. Mzee Enoki alijikohoza.

"Kamwene, Mama Elieza."

"Kamwene."

"Ulifika?"

"Nilifika."

"Moshi uliuona?"

"Niliuona. Unatoka majini, na moto hakuna."

Watu walivuta pumzi. "Nilisema mimi!" Dorika akapiga paja.

"Kaa chini, sijamaliza," Vestina alisema. "Kwanza mjue, Sila hakusema uongo. Alichosema nimekiona chote, nguzo na nundu. Aliona sawasawa. Kasoro yake alikuwa mbali. Nundu ni fisi maji wanaofuatana. Na moshi ni wadudu. Umeniingia mdomoni, nimeutema, nimeuangalia. Wana mabawa na miguu."

"Kama kumbikumbi?" Enoki aliuliza.

"Kumbikumbi ni ng'ombe mbele yao."

Pakapita kicheko, kwanza nyuma, halafu mbele. Maana hapo kila mtu alielewa. Hapakuwa na nyumba pale Kichiwa isiyokamata kumbikumbi mvua zikianza, na Mzee Enoki mwenyewe aliwahi kugombana na nduguye kwa ajili ya kichuguu. Kama msichana yule angesema tangu mwanzo, "Ni kama kumbikumbi," asingehama mtu jikoni. Lakini neno hilo hakuwa nalo. Kwao kumbikumbi hana sifa, mwenye sifa ni kungu.

Vestina alifungua kitambaa, akatoa andazi jeusi, akamega akala mbele yao kama alivyoahidi. Kisha akamnyooshea Enoki kipande. Mzee alikigeuzageuza.

"Anza wewe uliye mkubwa," Dorika alisema. "Sisi tutakuzika vizuri."

Enoki alitia mdomoni, akafumba macho. Akafumbua jicho moja. "Samaki," akasema, akaomba kingine. Na jambo likawa limekwisha, la kanisa na la tumbo.

Dorika hakuonja. Aliondoka akisema kwamba sasa wamempata na Vestina, kwamba huko chini wamempikia akapikika. Wapo waliomwamini. Msimu ule wapita njia walilizunguka shamba la Vestina kwa mbali, hasa jioni. Elieza alitaka kwenda kuwaeleza, mama yake akamkataza.

"Waache waogope," alisema. "Mahindi yangu yatakomaa yote."

Siku iliyofuata ibada ile, Vestina alikitoa chungu chake kwenye kibanda cha kuku, akakirudisha jikoni, akakiweka juu ya chungu cha Avelina. Avelina akapika. Walikaa watatu kuzunguka sinia, Elieza katikati. Vestina akanawa, akafinyanga tonge, akalitia mdomoni.

"Ugali wako una madonge," Vestina alisema.

"Madonge ni ya unga wako, mama," Avelina akajibu. "Haukuchekechwa."

Elieza aliganda na tonge mkononi.

"Unga wangu? Unga wangu mimi? Unga huu naula tangu Wajerumani!"

"Basi tangu Wajerumani haukuchekechwa."

"Elieza, unamsikia mkeo?"

Elieza alisema anasikia. Wao wakaendelea, mmoja unga, mwingine mwiko, kutoka mwiko wakaingia kwenye kuni, ni nani aliyeleta zile mbichi. Alipoona hawatamaliza leo, alivuta bakuli la mboga karibu yake, akala.